Tuta la Kona ya Mashine

Mhandisi alipiga magoti katikati ya lami, na suruali yake ya pasi vivyo hivyo, akalipapasa tuta kwa kiganja. Akaligonga kwa nyundo ndogo mara tatu, akasikiliza. Kisha akainuka, akajikung'uta vumbi, akawageukia wakubwa waliosimama pembeni.

"Hii si kazi ya wakimbizi," akasema. "Angalieni mteremko wake, pande zote mbili sawa. Angalieni mawe yalivyofungwa. Hapa pamepita fundi wa kampuni ya barabara."

Nyuma ya wakubwa walisimama watu wa Juru, kijiji cha wakimbizi, na kati yao alikuwa Emery, mwashi na shemasi wa kanisa dogo la bati lililo nyuma ya mashine ya kusaga mahindi. Yeye ndiye aliyelijenga tuta hilo. Na Mungu amsamehe, kitu cha kwanza kilichompata moyoni hakikuwa hofu, ilikuwa raha. Miaka kumi na mmoja ndani ya kambi ya Nakivale, Uganda, hakuna mtu wa ofisi aliyewahi kuusifu mkono wake. Raha yenyewe haikumaliza dakika. Akakumbuka mguu wa Kalisa, kijana aliyeangukia hapo, akainamisha kichwa.

Tuta lilikuwa na umri wa siku kumi na moja. Wakongomani waliliita dodani, Waganda wakaliita hampu, na kwenye barua za serikali, ambazo zilikuwa nyingi kuliko matuta ya wilaya nzima, liliitwa hatua za usalama barabarani. Mwaka huo wa 2015 ulikuwa wa kampeni. Kila mtu alikuwa na la kusema juu ya barabara, na hakuna aliyeshika jembe. Halmashauri ilisema lami ni ya wizara, wizara ilete pesa. Watu wa wizara, kutoka ofisi yao ya Mbarara, walisema ramani haionyeshi watu wanaovuka pale Kona ya Mashine. Kama sasa wako, ni wakimbizi, na wakimbizi wana shirika linalowalisha, basi shirika lilipe. Shirika likasema pesa zake ni za watu, si za lami. Diwani Mukarukundo, mama mwenye sauti kubwa aliyekuwa akitafuta ubunge, alipanda juu ya gari kila wiki akawauliza wananchi kama serikali hii inawapenda. Mpinzani wake naye akapanda juu ya gari lake, akasema pesa zilikuja zamani zikaliwa wilayani. Na magari yakaendelea kupita pale kana kwamba hapakai mtu.

Mwezi wa tano lori la matoke lilimgonga Uwitonze, mtoto wa miaka saba, binti pekee wa Kabanyana, mama jirani wa Emery. Alikuwa ametumwa chumvi dukani, ng'ambo ya lami. Aliyemtuma ni Nathalie, mke wa Emery. Hakuna ajabu hapo. Kwetu mtoto wa jirani ni wa kutumwa, haombwi kwa mtu. Lakini Déo, mtoto wa Nathalie mwenyewe, alikuwa amekaa pale jikoni anakula kiazi, na mama yake alimtazama akaona afadhali amalize kula kwanza. Kabanyana hakuwahi kulitaja jambo hilo hata siku moja. Heri angelitaja.

Ndiyo maana Emery alisimama kanisani, Jumapili moja mwezi wa tisa, akauliza swali.

"Kule kwetu Kongo, kule Fizi, nani alitutengenezaka barabara? Mimi sikuonaka hata siku moja waziri anachota muchanga na pauro. Tulikuwa tunafanya salongo, siku ya posho, kila mutu na jiwe lake, kazi inaisha. Sasa huku tunangojea nini?"

Hapo ndipo walipokosea, na kosa lenyewe ni la watu waliokulia mahali ambapo serikali haifiki. Kule njia ikiharibika mnaitengeneza wenyewe, na anayepita anawashukuru. Hawakujua kwamba kuna nchi ambako barabara ina mwenyewe hata kama mwenyewe hajulikani. Jumamosi, hiyo siku ya posho, alfajiri wanaume thelathini walitoka na mawe, mchanga, na mifuko ya simenti iliyobaki kwenye ujenzi wa kanisa. Madereva walipitia pembeni wakawapungia mikono wakidhani ni watu wa kampuni. Jioni tuta lilikuwa limekwisha, wakalizungushia matawi ili simenti ikamate. Ilibaki chokaa tu, ile mistari myeupe ya kumwambia dereva kwamba mbele kuna kitu. Ndipo mvua ikaja, kila mtu akakimbilia kwake.

"Baba Déo," Nathalie alimwambia mumewe asubuhi ya Jumapili, "nenda upake ile chokaa mbele ya ibada. Ni kazi ya dakika kumi."

"Leo ni Siku ya Mungu."

"Mungu ataelewa."

"Mungu ataelewa, lakini Wakristo bataona diakre wao na brashi. Dodani haina miguu, haitakimbia. Kesho asubuhi."

Mwaka huo huo Emery alikuwa amewazuia wajane wawili wasile Meza ya Bwana kwa sababu walivuna maharagwe siku ya Jumapili. Angeshikaje brashi? Mchana dereva mmoja alichoshwa na yale matawi, akayatupa mtaroni. Saa kumi na mbili na nusu jioni, Kalisa, kijana wa boda anayekaa hapo hapo Juru, alikuwa akirudi kutoka mji mdogo wa Kaberebere kwenda kula chakula cha mkewe, juu ya lami aliyoijua tangu siku ilipomwagwa. Jumanne walimkata mguu, Mbarara.

Sasa wakubwa walikuwa wamefika wote, jambo ambalo msiba wa Uwitonze haukuliweza.

"Kampuni ni yenu," alisema mtu wa halmashauri.

"Kampuni iliondoka mwaka jana. Hii ni hampu ya wilaya."

"Wilaya haina hata pesa ya chokaa."

"Ndiyo maana haina chokaa," alisema mtu wa wizara, na watu wake wakacheka.

Jambo lilikuwa wazi hata kwa mtoto: atakayekubali kwamba tuta ni lake ndiye atakayelipa mguu wa Kalisa. Miezi yote ile walikuwa wakigombana nani asijenge. Leo waligombana nani hakujenga. Mukarukundo alikuwa amekuja na watu wa redio. Wakimbizi hawapigi kura, lakini mguu wa mkimbizi unafaa kwenye mkutano wa hadhara kama mguu mwingine wowote. Akaangaza macho kwenye umati, akamwona Emery na koti lake la kanisani.

"Wewe ni mutu ya Mungu," akamwambia kwa Kiswahili chake cha sokoni. "Sema, usiogope. Nani alijenga hii?"

Wanaume thelathini wakaangalia viatu vyao. Mchungaji wao, Anatole, akakohoa kidogo.

"Tuliamka, tukaikuta," alisema Emery.

"Ni watu ya kampuni?"

"Pengine ni bo, mheshimiwa."

Mukarukundo akawageukia watu wa redio na kuanza hotuba. Alipomaliza, afande wa kituo kidogo cha polisi kilicho pale mashineni aliinua fimbo yake. "Sikiliza nyinyi wote. Hii hampu sasa ni eksibiti ya kesi. Hakuna mutu ataguza, hata jiwe, hata rangi, mpaka ijulikane ni ya nani. Mutu akiguza, mimi najua ni yake."

* * *

Nathalie alikuwa anachambua maharagwe mlangoni Emery aliporudi. Habari zilikuwa zimemtangulia.

"Ulisema nini pale?"

"Nilisema ile batu bote balikuwa banangojea."

"Batu bote banajua ni weye."

"Banajua ni sisi bote." Emery alikaa kwenye kigoda, akavua kiatu kimoja, akasahau cha pili. "Sikiliza, Mama Déo. Yule diwani anasema serikali italipa Kalisa pesa mingi. Mutu na mutoto mudogo, bila mguu, atakula nini? Nikisema ni mimi, nani atamulipa? Mimi? Na nini, na mwiko wangu wa simenti? Mimi nitaenda gereza, na Kalisa atabaki mikono mitupu. Ni faida ya nani?"

Nathalie aliendelea kuchambua. Maneno yalikuwa na akili, hakuona pa kuyapinga, na hilo ndilo lililomuudhi.

"Kama ni juu ya Kalisa tu," akasema, "mbona umesahau kiatu ya pili?"

Emery akaurudisha mguu wenye kiatu chini ya kigoda.

"Mimi nitakuambia kitu kimoja halafu sitasema tena," alisema Nathalie. "Tangu matanga ya Uwitonze, kila wiki ninasema leo nitaenda kwa Kabanyana nimuambie: Mama, ni mimi nilimutuma, na wangu nilimuacha anakula. Ninafika pale, ninamupa unga, ninarudi. Wiki ingine, ninamupa tomati, ninarudi. Ananishukuru. Baba Déo, ile kitu haipoi. Ukiilaza, inaota."

Akainuka na ungo wake akaingia ndani. Emery alibaki pale na kiatu kimoja.

* * *

Ijumaa alikwenda hospitalini Mbarara na chupa ya uji na ndizi mbivu. Alijisemea anakwenda kumtazama mgonjwa kama anavyopaswa shemasi. Ukweli ni kwamba alitaka kuona kama anaweza kusimama mbele ya Kalisa, kama mtu anavyobonyeza jino bovu ili ajue bado linauma.

Kalisa alikuwa amelala chali, shuka limenyooka upande mmoja na upande wa pili limelala bapa. Mkewe, Yudita, alikuwa ameketi kwenye mkeka kando ya kitanda, mtoto mapajani. Alipomwona mgeni aliruka kumpa dumu la maji alikalie, kwa kuwa kiti hakikuwepo.

"Diakre," alisema Kalisa. "Wewe hata si wa kanisa yangu, na umekuja. Ba kwangu bado kufika."

"Pole, ndugu yangu. Pole sana."

"Ninawaza, sielewi. Ile fasi ninaijua. Sikukunywa. Huyu anafikiri nilikunywa."

"Sikusema ulikunywa," alisema Yudita. "Nilisema ulichoka. Ulikuwa unatembeza ile pikipiki tangu alfajiri."

"Sikuchoka."

"Basi hukuchoka."

Ilionekana wameyasema hayo mara nyingi. Kalisa akaugeukia ukuta. "Diwani alikuja na kamera. Akasema nifunue shuka wapige picha, bila picha serikali haisikii. Nikafunua. Akasema niweke mutoto karibu. Nikaweka."

Yudita alikata mkate vipande viwili, kimoja kikubwa na kimoja kidogo, akampa mgeni kile kikubwa. Emery alijaribu kukataa. Yudita akamwambia kwamba kwao mgeni hakatai, naye Emery akala. Alitaka kusema. Neno lilifika hadi kwenye meno. Lakini akaona jinsi Yudita alivyokuwa amekunja kadi ya mwanasheria wa Mukarukundo kwenye ncha ya kitenge na kuifunga fundo, akaona kwamba akisema, fundo hilo ndilo atakalolifungua. Akanyamaza, na hata yeye mwenyewe hakujua tena kama ni huruma au ni woga.

"Utuombee mbele ya kwenda," alisema Yudita. "Omba Mungu atuonyeshe ni nani alijenga ile kitu. Ni hiyo tu ninataka. Nimujue."

Emery alisimama, akavua kofia, akafumba macho. Alikuwa amekwisha kuomba mbele ya wagonjwa wengi, kwenye misiba mingi, maneno yakija yenyewe kama maji ya bomba. Siku ile alisikia sauti yake ikisema, polepole na kwa Kiswahili kizuri cha kanisani: Bwana, uliye nuru, tunakusihi umfunue mtu huyo. Watu wote wakajibu amina, hata wagonjwa wa vitanda vya jirani.

Aliondoka Mbarara bila kukumbuka chupa yake ya uji.

* * *

Wiki zikapita. Wizara iliandikia halmashauri, halmashauri ikaandikia wizara na nakala kwa diwani, diwani akazisoma barua zote redioni. Kalisa alirudi nyumbani na magongo mawili, pikipiki yake ikauzwa. Na tuta likabaki palepale, rangi moja na lami, kwa amri ya polisi.

Emery alianza kusimama barabarani. Kila jioni, saa ile ambayo macho ya dereva yanadanganywa na mwanga, alichukua kitambaa chekundu akasimama hatua hamsini kabla ya tuta, akipunga. Wengine walipunguza mwendo, wengine wakamtukana mama yake. Watoto wakampa jina, Polisi ya Dodani. Hayo aliyavumilia. Alichoshindwa kuvumilia ni sifa. Mchungaji Anatole, ambaye mwenyewe alibeba mawe siku ile, alimtaja kwenye mahubiri kuwa Msamaria mwema wa Juru. Yudita alimpelekea maharagwe kidogo kwenye bakuli, amefunika na sahani.

"Anasema ni asante juu ya kusimama pale," Nathalie alimwambia mumewe. "Nayaweka wapi?"

"Sijui."

"Utakula?"

"Sijui, Mama Déo. Usiniulize."

Hawakuyala. Wala hawakuweza kuyatupa. Yaliota ukungu mle ndani ya bakuli, na Nathalie akaosha bakuli akalirudisha na unga ndani, kama ilivyo adabu, na Yudita akashukuru tena.

Mwezi wa kumi Mukarukundo alikuja mwenyewe, bila redio. Alisimamisha gari pembeni, akateremsha kioo.

"Shemasi, acha hiyo kazi."

"Kazi gani, mheshimiwa?"

"Hiyo ya kitambaa. Watu ya wizara wamepiga wewe picha. Lawyer yao anasema kama wakimbizi wanalinda hampu, basi hampu ni ya wakimbizi. Wewe unaua kesi ya Kalisa. Unataka kuua kesi ya Kalisa?"

"Hapana."

"Basi kaa nyumbani." Akafunga kioo, halafu akakiteremsha tena kidogo. "Mimi sijauliza wewe kitu. Na usiniambie kitu. Tunaelewana?"

Walielewana vizuri sana. Emery akakunja kitambaa akakitia mfukoni.

Siku mbili alikaa nyumbani. Nyumba haikuwa mbali na lami, na kila gari lililofika Kona ya Mashine bila kujua lilipiga breki dakika ya mwisho, na zile breki zikaingia ndani ya nyumba kupitia kila tundu la bati. Emery aliacha kula. Nathalie aliacha kumsemesha. Siku ya pili basi dogo liliruka, likatua salama, na mama mmoja aliyekuwa ndani akavunjika meno mawili ya mbele. Alikaa mtaroni na kitambaa mdomoni mpaka walipopata boda ya kumpeleka Kaberebere. Kila mtu alisema Mungu ni mkubwa, ni meno tu.

* * *

Alhamisi, siku ya soko, saa nne asubuhi, Déo alikuja mbio. "Baba, Mama Uwitonze iko barabarani. Iko anamwanga majivu kwa dodani."

Emery alitoka bila viatu.

Kabanyana alikuwa ameinama katikati ya lami na kopo la majivu ya jikoni, amefunga kitenge kifuani, anachora mistari. Mstari mmoja, hatua moja, mstari mwingine. Alikuwa anafanya taratibu, kama mtu anayepaka kinyesi cha ng'ombe ukutani kwake. Magari yalikuwa yamesimama pande zote mbili, watu wa soko wamejaa, na afande alikuwa anakuja na fimbo yake.

"Wewe mama. Si nilisema hakuna mutu ataguza? Hiyo hampu ni yako?"

Kabanyana alinyoosha mgongo. "Kama ni kuguza tu njo inafanya iwe ya mutu, basi ni yangu."

"Unajua ni kesi? Unajua utalipa mguu ya mutu?"

"Sina pesa. Mutanifunga. Nilikuwa na mutoto mumoja, ameisha kuenda, nitamuachia nani nyumba? Munifunge." Akainama tena, akamalizia mstari.

Afande akamshika mkono. Hakumshika vibaya, lakini alimshika. Wanaume wa salongo walikuwepo pale, hata Mchungaji alikuwepo, na hakuna aliyesogea. Emery aliwaona, akajiona mwenyewe kati yao, mtu mzima pekupeku amejificha nyuma ya mwanamke aliyepoteza mtoto. Akapenya watu, akasimama mbele ya afande.

"Mwache," akasema. "Ni yangu."

"Nini yako?"

"Dodani. Niliijenga mimi, siku ya posho, tarehe kumi na mbili mwezi wa tisa. Chokaa sikupaka. Kalisa alianguka kwa sababu yangu."

Afande alimtazama toka juu mpaka chini, akaishia kwenye zile nyayo. "Wewe shemasi umechoka. Injinia alisema hii si kazi ya wakimbizi."

"Injinia alisema uongo. Hapana, hakusema uongo, hakujua. Chimba upande huu, utakuta jante mbili, vyuma vya magurudumu ya baiskeli, ndani, nilizitia ili isipasuke. Moja ni nyekundu."

"Ulikuwa na nani?"

Emery alimwona Mchungaji Anatole akirudi nyuma hatua moja. "Peke yangu," akasema, na huo ulikuwa uongo wake wa mwisho katika jambo hili.

Wakachimba. Jante zilikuwepo. Kabla ya saa nane mchana magari mawili meupe yalikuwa yamefika, la wizara na la halmashauri, na waliokuwa ndani walishikana mikono kwa mara ya kwanza tangu lami ile imwagwe. Ilikuwa furaha, jamani, msifikiri ninatia chumvi. Faili ilifungwa pale pale juu ya boneti. Mhandisi alichungulia shimo, akaona chuma, akamwambia Emery kwa sauti ya chini, bila kumtazama, "Kazi nzuri." Mukarukundo alipigiwa simu, akasema yuko mkutanoni.

Yudita alifika wakati afande anaandika. Alikuwa ametoka sokoni, mtoto mgongoni. Watu walimpisha. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaja akasimama mbele ya Emery, karibu sana.

"Dodani ni yako."

"Ni yangu."

"Na mguu wa Kalisa ni wa nani?"

"Ni wangu pia, Yudita."

"Wako utaufanyia nini?" Hakupaza sauti. "Weye utaenda jela, utakula chakula ya serikali. Mimi nitakula nini? Lawyer alisema mwezi wa kumi na mbili. Ungenyamaza miezi miwili tena, Diakre. Siku ya kusema ulinyamaza, siku ya kunyamaza umesema."

Akampandisha mtoto vizuri mgongoni.

"Na ulikuja kule ukaomba," alisema Yudita. "Tukakujibu amina." Akafungua lile fundo kwenye ncha ya kitenge, akaitoa kadi, akaitazama mbele na nyuma, akaiangusha palepale barabarani. Akaenda zake.

Walimpandisha Emery kwenye gari la polisi. Nathalie alikuja na viatu vyake, akamvalisha mwenyewe, kimoja kimoja, mbele ya soko zima. Alitegemea kwamba atalia. Hakulia. Alichokisikia, na alikionea haya, ni wivu: mumewe alikuwa ameshasema la kwake.

* * *

Asubuhi iliyofuata, hata umande haujakauka, Nathalie alichukua jembe akaenda kwenye shamba la Yudita. Tangu ajali hakuna aliyekuwa amelima pale. Magugu yalikuwa yameyafunika maharagwe. Akaanza mstari wa kwanza. Yudita alitoka nje na mtoto, akamwona. Hakumsalimia. Hakumfukuza. Kalisa alikuwa amekaa mlangoni na magongo yake.

Jua lilipopanda kidogo, mtu mwingine aliingia shambani, akashika mstari wa pili. Alikuwa Kabanyana. Walilima bega kwa bega kwa muda mrefu, majembe yakipishana.

Upande wa lami ulisikika mngurumo. Mashine ya manjano ilikuwa imefika, imetumwa na ofisi zote mbili, kuling'oa tuta. Ilikuwa kazi ya nusu saa, na hakuna aliyeuliza ni bajeti ya nani. Mngurumo ulipokwisha yalianza kusikika magari, moja, la pili, la tatu, yakipita Kona ya Mashine bila kupunguza.

Nathalie aliacha kulima. Akashika mpini kwa mikono miwili.

"Mama Uwitonze," akasema. "Ile siku. Ile chumvi."

Kabanyana hakuinua kichwa.

"Najua," akasema. "Na Déo alikuwa anakula kiazi. Nilikuwa mlangoni kwangu, niliona yote." Akang'oa gugu, akalikung'uta udongo, akalitupa pembeni. "Lima, mama. Jua linapanda."